Jina la Papa Yasini

Heshima nayo, ikikosa akili, huponza. Hospitali ile ya Baraka ilimuaga Papa Yasini kwa wali na kuku alipostaafu, akarudi kwao Swima kulima, na mkubwa wa kazi akasema jina lake nalo lipumzike. Adolphine, fundi wa mashini za kompyuta, akalifuta kwenye seva siku ileile. Basi kumbe wote, toka mapokezi hadi chumba cha upasuaji, walikuwa wakifungua dosiye, yaani faili, za wagonjwa kwa jina la mzee huyo! Jina lilipopumzika, kila folda ikagoma.

Asubuhi iliyofuata Bushira akashushwa kwenye mtumbwi wa injini kutoka Ubwari, uchungu wa kuzaa umemshinda, hajitambui. Docta Roger akakumbuka kwamba dawa moja ya kulaza mgonjwa usingizi iliwahi kumletea balaa mwanamke huyu. Ni ipi, hakukumbuka. Iliandikwa kwenye dosiye.

"Fungulia bote, Adolphine. Mwanamuke anatukufia."

Ilikuwa kubofya mara moja tu. Lakini Adolphine akashusha sauti. "Alikuyaka huku zamani juu ya nini?"

"Alikuwa mu bale bamama ba mulango wa nyuma."

Adolphine akaelewa. Ni wale waliovamiwa na kubakwa njiani wakaja kutibiwa kwa siri.

"Bwana yake anajua?"

"Hapana. Na mama mukwe njo ule iko pale mapokezi."

Mama mkwe huyo alikuwa ameketi karibu na Félicité wa mapokezi, mtu wa kijiji chao, wakipiga soga.

"Docta, nitafungulia weye peke yako."

"Na akikufa tukiwa tunangojea?"

Adolphine akageukia mashini. Aliogopa, tena sana. Mawingu yalikuwa yamekaba jua na betri za sola zilikuwa zinalia. Akajiandika yeye kuwa mwenye folda, akaweka jina la docta kwenye ruhusa. Folda ya nje ikakubali, dosiye za ndani zikakataa. Ala! Alikuwa amesahau kuamuru ruhusa iteremke hadi chini. Akaamuru. Ikaanza kushuka, dosiye moja moja, kwa madaha ya bibi harusi, huku docta akipumua shingoni mwake.

Ikafunguka. Docta akasoma jina la dawa na kukimbia, akilitaja kwa sauti kabla hajafika, na muuguzi akaitua sindano iliyokuwa tayari mkononi.

Mtoto alilia kabla ya adhuhuri, na mama yake akafumbua macho. Adolphine alikuwa akipita mapokezi aliposikia mama mkwe akisema, "Félicité, angalia basi. Huyu wetu walimulazaka huku zamani juu ya nini? Ye anasemaka malaria."

Félicité akabofya bila kufikiri, kama alivyozoea. "Inakataa, mama. Siku zote ilikuwa inafunguka."

"Basi ilikuwa malaria," mama mkwe akasema, akaenda kumwona mjukuu.

Adolphine akakaa pale pale sakafuni. Miaka yote ile ya Papa Yasini, mama huyu angeuliza tu, na dosiye ingefunguka.