Baiskeli Tulizozipima kwa Mikono

Sijui kuendesha baiskeli. Nimelikana jambo hili kwa miaka mingi, mbele ya wenzangu wa chuo kikuu, mbele ya mume wangu, na hata mbele ya wanangu, ambao niliwashikilia viti vya baiskeli zao nikiwapa maelekezo kwa sauti ya mtu aliyewahi kushinda mashindano. Nikiulizwa, nilisema niliacha zamani. Ukweli ni kwamba sikuwahi kuanza.

Sasa magoti yanadai mazoezi na daktari amependekeza baiskeli, basi mwezi jana niliingia duka moja mjini Kisii kuuliza bei. Muuzaji, binti mwenye kucha za zambarau, alinionyesha ya milimani, ya mjini na ya mashindano. Mimi, mwanamke mwenye shahada mbili, nikaanza kuziinua moja moja.

"Mathe, unanunua ama unapima?" akaniuliza.

Nikamwambia nitachukua ile nyembamba, kwa kuwa bila shaka ndiyo ya bei ya chini. Akanitajia bei yake. Nikaiweka chini taratibu, kama mtu anayerudisha mtoto wa wenyewe. Nilitoka pale nikicheka, lakini nikikumbuka Ijumaa moja ya utotoni, hatua chache kutoka hapo hapo.

Nyumbani kwetu Gesima kila kitu kilikuwa na uzito kabla ya kuwa na bei. Alfajiri vidole vyetu vilikuwa vimekwisha kuloa umande wa majani chai, na harufu ya uji wa wimbi ilitufuata hadi shambani. Mchana tulibeba magunia hadi kituoni, karani akayatundika kwenye mizani, na nyanya yangu akasimama karibu naye kiasi cha kumsumbua, mpaka mshale utulie. Alisema mtu asiyetazama mshale asije kulalamika baadaye. Baba na mama walikuwa Kericho kwenye mashamba makubwa ya chai, kwa hiyo nililelewa na huyu mwanamke, nami niliamini kwamba dunia nzima inauzwa kwa kilo.

Nilipomaliza darasa la nane nilipata nafasi katika shule ya kutwa iliyokuwa ng'ambo ya vilima viwili. Mwalimu mkuu wetu hakuzunguka maneno: kwa miguu sitafika kwa wakati, na nisipofika Jumatatu ya kufungua, nafasi atapewa mwingine. Kwa hiyo baiskeli ndiyo ilikuwa shule. Bila baiskeli ningebaki kwenye majani chai, na wasichana wa rika langu waliobaki huko walikuwa wameanza kuulizwa na wageni wanajua kupika nini.

Katika ukoo wetu hakuna aliyewahi kununua baiskeli, na labda ndiyo sababu kila mtu alijua bei yake. Jirani alisema kubwa ni bei ya ng'ombe mtamba, ndogo ni bei ya kondoo. Nyanya alikubali, maana hesabu hiyo ilifuata mizani. Akauza kondoo na ndizi zote zilizokomaa, akafunga pesa kwenye fundo la leso, na Ijumaa tukateremka Kisii kutafuta baiskeli ndogo.

Fundi aliyeuza baiskeli alikuwa mtu wa upande wa ziwa, mrefu, mwenye subira. Alikuwa na tatu. Ya kwanza ilikuwa ile nyeusi kubwa ya kubebea kreti za soda. Ya pili ilikuwa ya kike, haina chuma cha juu kati ya kiti na usukani. Ya tatu ilikuwa nyekundu, nyembamba, usukani wake umepinda kama pembe za kondoo dume. Mimi nilikuwa nimekwisha kujiona juu ya hiyo nyekundu, shule nzima imetoka madarasani kunitazama.

Nyanya aliziinua zote. Nyeusi ilimshinda, akaitikia kwa heshima. Kisha akauliza bei, na dunia ikapinduka. Nyeusi ndiyo ilikuwa rahisi. Ya kike iliizidi. Nyekundu, ambayo aliinyanyua kwa mkono mmoja, bei yake hatukuirudia kwa sauti.

"Hii imepunguza chuma," nyanya alimwambia kwa Kiswahili chake cha sokoni, akiigonga ile ya kike, "wewe naye unaongeza bei?"

"Nyanya, mimi siuzi chuma. Nauza mwendo."

"Basi niuzie mwendo ya polepole. Hatuna haraka."

Fundi akacheka, lakini bei haikucheka. Pesa zetu zilitosha kununua ile nyeusi, kwa hiyo alinipandisha kujaribu. Miguu yangu ilining'inia hewani, na sketi ikapanda hadi mahali ambapo nyanya, mzee wa kanisa letu la Sabato, aligeuka kuhakikisha hakuna anayetazama. Nikashushwa. Ikabaki ya kike, na pengo kati ya bei yake na pesa zetu.

Nyanya alikuwa amemtumia baba ujumbe mapema wiki hiyo, kwamba atupigie kwenye simu ya duka la dawa, jirani na fundi, Ijumaa hiyo kabla ya jua kutua, ili aahidi kuongeza iwapo pesa zingepungua. Zilikuwa zimepungua. Tukangoja. Fundi akatuambia, kwa upole ulioumiza zaidi, kwamba kuna mwalimu wa Nyaramba aliyeitaka baiskeli hiyo hiyo na angerudi kesho asubuhi na pesa taslimu.

"Nirudi kesho kabla yake?" aliuliza nyanya, kisha akajijibu mwenyewe kwa kutikisa kichwa. Kesho ilikuwa Sabato. Hangeshika pesa, hangetaja bei, hangevuka mto kwa ajili ya biashara. Na jua likitua leo, ni kesho tayari.

"Mungu wenu hawezi kufumba jicho kidogo?" fundi akauliza.

"Wako hufumba?"

Kivuli cha jengo la mbele kilikuwa kimefika kwenye gurudumu la kwanza. Nilikitazama kikipanda. Nyanya alimenya ndizi akanipa nusu.

Siku hizi mahali pale panauzwa vifuniko vya simu. Kituo chetu cha majani chai kina mizani ya umeme isiyo na mshale, na sioni mtu akisimama karibu na karani. Nyanya tulimzika nyuma ya migomba yake. Fundi sijui alikoenda. Ninachoweza kukurudishia, rafiki yangu unayesoma, ni kengele ya simu ile, iliyolia mara tu kivuli kilipofika kwenye kiti cha baiskeli.

Mwenye duka la dawa akatuita. Nyanya hakupenda simu, akanisukuma mimi mbele.

"Ni wewe?" Baba alikuwa akipiga kelele kana kwamba laini ilikuwa bonde.

"Ni mimi, tata," nikasema, kama tunavyomwita baba kwetu.

"Mmenunua?"

"Bado. Zimepungua."

"Msinunue. Shangazi yako wa Keroka amekupatia nafasi katika shule iliyo karibu naye. Utakaa kwake mpaka umalize. Mwambie nyanya yako pesa hizo anunue godoro, shangazi hana la ziada. Umesikia?"

Nilikuwa nimesikia peke yangu. Mlangoni, nyanya aliutazama mdomo wangu. Nyuma yake fundi alikuwa tayari ameishika ile baiskeli kwa usukani.

"Anasemaje?" nyanya aliuliza kwa Kikisii. "Anaongeza?"

Nilimweleza kila neno kama lilivyokuja, kwa uaminifu ambao sina hakika ningekuwa nao leo: shule ipo, nahamia Keroka, tununue godoro. Hakuuliza nani atachuma naye Jumatatu.

"Umemwambia?" baba akasema sikioni mwangu.

"Nimemwambia."

"Amejibu nini?"

"Hajajibu, tata. Anafungua fundo la leso, anahesabu pesa za godoro."