Mama Ng'oa na Kisu Chake

Saa saba mchana, jua limesimama utosini, na Mama Ng'oa amechuchumaa nyuma ya jiko la fundi cherehani mmoja. Mbele yake kuna minyanya sita iliyolegeza majani ilhali udongo bado umelowa. Ameomba glasi ya maji safi. Fundi amemletea kikombe cha bati.

"Glasi, mdogo wangu, glasi! Kwenye bati nitaona nini?"

Glasi inakuja. Anakata kipande cha shina karibu na ardhi, anachovya ncha yake majini na kukishika bila kukitikisa. Inapita dakika moja, inapita ya pili. Kisha uzi mweupe, mwembamba, unachuruzika kutoka kwenye shina kama tone la maziwa na kushuka chini ya glasi.

"Umeona? Huo ni mnyauko wa bakteria. Hauna dawa. Ng'oa."

"Lakini jioni zinaamka zenyewe!" fundi anabisha.

"Zinaamka kukuaga."

Jina hilo hakujipa mwenyewe, na wala halipendi. Amebandikwa na wateja waliochoka kusikia neno moja. Kwa miaka tisa alifanya kazi kwenye kitalu cha miche, mpaka kitalu kikafungwa na maduka yakajengwa hapo. Sasa huzunguka kwa miguu kwenye nyumba ishirini na tatu, akipogoa na kuchunguza maradhi ya minyanya ya uani, ya kwenye ndoo na ya kwenye magunia. Kila nyumba humlipa kiasi cha kununulia kilo mbili za unga. Siku njema hupita nyumba nne. Siku ya mvua hurudi mikono mitupu.

Kutembea hakumchoshi. Kinachomchosha ni watu.

"Mtu ananipigia simu, nyanya zangu zinaumwa. Zinaumwa nini? Zinaumwa tu! Haya, nitumie picha. Inakuja picha ya kidole chake na ukuta."

Mmoja alinyunyizia minyanya sabuni ya unga ya kufulia, kisha akauliza mbona majani yameungua. Mwingine kila jioni huimwagia maji kwa mpira kutoka juu kama anayeosha gari, halafu anashangaa majani kuota ukungu. Wa tatu aliona nyanya zake zina kitako cheusi, akapuliza dawa ya wadudu wiki tatu, kumbe tatizo lake ni kumwagilia leo na kukumbuka tena baada ya wiki.

"Ukimwambia amwagilie chini, asubuhi, kila siku kidogo kidogo, anaona hujamtibu. Anataka chupa. Wanasema sikio la kufa halisikii dawa. Hawa masikio yao ni mazima kabisa, ndiyo yanayonimaliza!"

Lakini huyu anayewalalamikia wasiosikia naye aliambiwa jambo, akakasirika.

Mnyauko ulianza kwa wateja wake miezi miwili iliyopita. Ulipiga nyumba ya kwanza, ya pili, ya tatu. Akalaumu mbegu, akalaumu mvua, akalaumu samadi ya watu. Ndipo mteja wake mmoja, mkunga mstaafu, alipomtazama akipogoa, akamuuliza kwa upole.

"Mwanangu, hicho kisu ukitoka nyumba ya watu unakisafisha na nini?"

"Nakipangusa na aproni, mama."

"Unakipangusa," alisema mkunga, akiitazama ile aproni.

"Nilitoka pale nimevimba," anasimulia Mama Ng'oa. "Nikasema, huyu amezalisha watoto miaka thelathini, nyanya anazijulia wapi? Wiki mbili sikukanyaga kwake. Kisha siku moja nikaziandika zile nyumba, kama ninavyozipita. Zilizougua ni saba, na zote zinafuatana kwenye njia yangu. Majirani wao wa ng'ambo ya ua, ambao hawajawahi kuniita, nyanya zao nyekundu kama zinanicheka."

Anakigeuzageuza kisu.

"Kinatoka kwenye shina la mgonjwa, kinaingia kwa mzima. Na mimi ndiye niliyekuwa nakishika. Nilijichukia, nakwambia ukweli."

Tangu hapo hatembei bila chupa ya spiriti, na kisu hukifuta kila amalizapo mche mmoja. Pia alijiapiza kuziambia nyumba zote saba. Angeweza kunyamaza, lakini ugonjwa huo hubaki ardhini miaka, na wenyewe wangepanda nyanya palepale tena. Sita ameshaziambia. Nne hazimwiti tena.

"Mmoja amechukua mpogoaji mwingine. Kisu chake nimekiona kwa macho yangu. Kina kutu!"

Ya saba ni hii ya fundi, na ndiyo aliyoiogopa kuliko zote. Nusu ya wateja wake walitoka hapa, maana kila anayekuja kupimwa gauni husimuliwa habari za daktari wa nyanya. Ulimi huohuo wa fundi unaweza kumwondolea kazi ndani ya wiki moja.

Anaweka glasi chini, anasema yote, bila kuzunguka.

"Kwa hiyo ni wewe," fundi anasema.

"Ni mimi, mdogo wangu."

Fundi anaingia ndani. Droo zinavutwa, zinafungwa kwa kishindo. Mama Ng'oa anaanza kukusanya vitu vyake.

Fundi anarudi na mkasi mkuukuu.

"Mume wangu akikata karatasi kwa mkasi wangu wa kazi, tunanuniana siku tatu. Wewe kisu kimoja, nyumba ishirini na tatu! Ungekuwa fundi cherehani ungekufa njaa." Anautundika kwenye msumari wa mlango wa uani. "Huu ni wa hapa, hautoki. Ukija, hicho chako kibaki mfukoni."

Mama Ng'oa anautazama ule msumari. Hilo ndilo analolitaka sasa: kila nyumba iwe na mkasi wake na msumari wake, yeye aje na mikono tu, imeoshwa. Hapa patapandwa mahindi, na nyanya zitahamia kwenye magunia yenye udongo mpya. Kesho, anasema, ataanza na mkunga, na ataanza kwa kuomba radhi.

Wanang'oa pamoja, mizizi na udongo wake, na kutia kwenye gunia la kuchomwa. Mmoja, wa pili, mpaka watano. Mbele ya wa sita, fundi anasimama na kupanua mikono kuukinga.

"Huu tuuache. Jana jioni uliamka vizuri kabisa."

Mama Ng'oa anafumba macho, anashusha pumzi.

"Mdogo wangu," anasema, "lete glasi."