Kikapu Kilichorudishwa Kila Mwaka

Sauti yenyewe ni nyii, nyii, ya mshikio wa kikapu, kila mara katekista alipokinyanyua mnadani juu ya vichwa vyetu. Bado naisikia. Bibi aliyekisuka, jirani yetu hapa Kibosho, amefariki juma lililopita, na wasomaji wangu mnisamehe nikiacha bei ya kahawa leo nimzungumzie yeye. Hakuwa mtu mkubwa. Alikuwa na migomba, mbuzi mmoja na vidole kumi, na kwa vidole hivyo alisuka vikapu vya maganda makavu ya mgomba, vyote vimeinama upande mmoja kama vinasikiliza jambo.

Kila mwaka parokia hufanya mnada baada ya misa, tupate kununulia mahindi nyumba zisizo na chakula. Mwenye kuku huleta kuku, mwenye ndizi huleta ndizi. Bibi alileta kikapu kimoja tu, mwaka mmoja tu, na kimetosha hadi leo. Maana kwetu ukishinda mnada na kulipa, unaweza kusema "Nakirudisha!" kitu kiuzwe tena, mfuko wa njaa uzidi kutuna, na watu wanakupigia vigelegele. Kuku harudishwi sana. Kikapu kilirudishwa na kila aliyekishinda, kisha kikalala stoo kungoja mwaka mwingine.

"Jamani, kinalia hiki, kinataka kwenda nyumbani!" katekista alikuwa akisema.

"Kipake mafuta kwanza!" walimjibu wa nyuma.

Mwaka jana nilikishinda mimi, kwa pesa zangu za ushonaji. Nikapaza sauti: "Nakirudisha!" Vigelegele nilivyopata vilinitosha hadi Pasaka. Njiani nikamkuta bibi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Hongera, mjukuu wangu, umetoa vizuri. Na ndizi nyumbani unabebea nini?"

"Mfuko wa plastiki, bibi."

"Haya. Mimi nilidhani nimetengeneza kikapu."

Tukatembea kidogo. Kisha akasema, "Watu wamekula, namshukuru Mungu. Ila nataka nikione kikipita barabarani na kitu ndani, kabla sijafa."

"Mnada ujao nakichukua, bibi."

"Nitasubiri."

Siilaumu mifuko ya plastiki. Tangu masharti ya biashara yalegezwe, inaingia kwa marobota kupitia mpakani Holili; ni myepesi, ina rangi, hailii. Na kurudisha si dhambi, mahindi yalinunuliwa kweli. Lakini nadhani tulizoea kuipenda huruma yetu kuliko kazi ya mkono wa mtu. Bibi alitoa pesa ambayo hakuwa nayo kwa njia ya kikapu alichokuwa nacho, sisi tukapokea pesa na kukiacha kikapu. Anayekupa alichotengeneza anaomba jambo dogo sana: ukitumie. Na asingojeshwe mnada mwingine.

Jana, baada ya mazishi, nilimwomba katekista ufunguo wa stoo.

"Mnada bado," akasema.

"Najua."

Nikaweka nilichokuwa nacho katika mfuko wa njaa, na safari hii sikupaza sauti. Nyumbani nikakijaza kikapu ndizi, nikashuka nacho peke yangu kwenda kwa jirani ambaye jiko lake halikuwa limewaka tangu juzi. Mbele ya lango la bibi nilipunguza mwendo. Hapakuwa na mtu. Kililia njia nzima, na haikuanguka ndizi hata moja.