Nani Anamwaga Maji Chumbani Mwangu?

Mimi mwenzenu nimeshazikwa.

Si kwa mfano. Nilililiwa, kwaya zikaimba, pasta akahubiri, watu wakala ugali wakarudi makwao. Kaburi liko Bulengera, Butembo, na msalaba wake ulikuwa na jina langu: Zorobabel.

Kabla hujasema mzee amechanganyikiwa, jua kwamba nimesoma. Mchana nilishona nguo, jioni nikaenda darasani, cours du soir, nikakaa benchi moja na vijana ambao ningeweza kuwazaa, mpaka diplôme nikaipata. Mashetani siyaamini ovyo. Nasimulia kilichonipata, basi.

Ilikuwa wakati wa vita, mwaka 2002. Sisi mafundi cherehani tulikuwa na kooperative, na kooperative ilikuwa na jengo: nyumba ndogo zilizoshikana, kila moja chumba kimoja na salon. Huuzi, hupangishi, hurithishi. Ukiwa mwanachama, nyumba ni yako hadi kufa. Ukifa, inarudi kwa wenzako, wanampa mwingine.

Hadi kufa. Shika maneno hayo.

Mimi nilikuwa namba nne. Mke alishatangulia, mtoto sikujaliwa. Nilichokuwa nacho duniani ni cherehani na ile nyumba.

Siku moja nilikwenda Kasindi, mpakani, kuchukua vitambaa. Kurudi nikapanda lori, juu ya mizigo, pamoja na mfanyakazi wa gari. Mtu mzima, mvi zimeanza, mdomo haumlali. Aliitwa Hassan.

"Papa fundi, hii koti ulishona weye mwenyewe?"

"Nani mwingine angeweza?"

"Nyuzi nyekundu hivi! Batu banakuona toka Uganda."

Alikuwa na haki ya kucheka. Koti lile ndilo lilikuwa tangazo langu. Butembo nzima halikuwepo la pili.

Alasiri gari likapata pancha. Mvua inanyesha. Hassan akashuka na bidon ya maji, akaanza kunawa: mikono, mdomo, pua, uso, mikono hadi viwiko. Akapitisha maji kichwani, akamalizia miguu.

"Mungu anakumwagia bure," nikamtania, "na weye unamaliza ya bidon?"

"Ya mvua ni ya batu bote, Papa. Hii ni ya mimi na Yeye."

Akaswali kando ya barabara. Alipopanda alikuwa anatetemeka kama kuku. Nikavua koti nikamvika.

"Utanirudishia Beni."

"Nitakurudishia na sambusa ya mama yangu juu. Uliza mutu yeyote pa parking: Mama Furaha."

Beni hatukufika.

Risasi zilitoka upande wa porini. Nani alipiga, hadi leo sijui. Nilijikuta chini, halafu bondeni, mguu umevunjika. Wakulima wa Mutwanga ndio walioniokota. Barabara ikafungwa. Simu wakati ule zilikuwa za wakubwa. Nikakaa kwao hadi maharagwe yakavunwa, yakapandwa tena.

Nilirudi Butembo alasiri moja, jua linawaka, fimbo mkononi. Nikakuta mlango wangu umepakwa rangi ya bluu.

"Wasibire!" nikaita. Ndiyo salamu yetu ya mchana.

Jirani yangu Léa aligeuka. Akatupa beseni la nguo.

"Azongi! Yesu wangu! Zorobabel amerudi!"

Parcelle nzima ikakimbia, majirani wote wa uani. Wengine waliacha viatu.

Mlangoni mwangu alitoka mwanamke nisiyemjua, mwiko mkononi. Yeye hakukimbia. Aliitazama miguu yangu, akakitazama kivuli changu.

"Mimi naitwa Katungu," akasema. "Fundi. Nilikimbia Beni, kooperative bakanipa hii nyumba. Donc ni weye unatumwangiaka maji?"

"Maji gani?"

"Usijifanye! Kila alasiri, mule mu chambre. Mutu anamwanga maji kidogo kidogo. Ukiingia, hakuna mutu. Sakafu ya sima iko imelowana."

"Toka lini?"

"Banasema toka siku ya mazishi yako."

Nilitaka kucheka. Kicheko hakikutoka, kwa sababu maji yalianza.

Yalitoka chumbani. Chumba changu. Kimya kidogo, halafu maji. Mtu akasukutua. Kimya. Maji tena.

Nikasukuma mlango. Jua lilikuwa limejaa dirishani, hapakuwa na kona ya mtu kujificha. Kitanda, cherehani, ukuta. Na sakafu ikabadilika rangi mbele ya macho yangu, sima ikawa nyeusi kwa maji.

Katikati ya maji yale palibaki sehemu mbili kavu. Nyayo. Mtu amesimama pale, na hayupo.

Nikatazama mikono yangu, nikaigeuza. Mikavu. Kwa mara ya kwanza nikajiuliza kama kweli nilitoka kule bondeni.

Gérard, prezida wa kooperative, alifika na Pasta Ézéchias. Alisimama mbali, kama mtu anayezungumza na mbwa asiyemjua.

"Zorobabel, weye ulikufa. Tulikuzika bien! Na kwaya mbili!"

"Mulizika nani?"

"Weye! Balileta maiti toka Beni. Uso haikuwa ya kuangalia, mais koti ilikuwa yako. Nani hajue ile koti?"

"Kumbe mulizika koti."

"Sikiliza. Kama ile maiti ni weye, nyumba ni ya Katungu. Kama hapana weye, sema ni nani. Kaburi haiwezi kukaa bila mwenyewe."

Nyumba yangu yote ilining'inia kwenye jibu hilo. Na jibu lilikuwa chumbani, linakauka kwenye sima. Mikono. Mdomo. Uso. Miguu. Lile koti nililivua mimi mwenyewe.

"Ni Hassan," nikasema. "Mutu wa Beni. Muislamu."

Gérard akashika kichwa. "Likambo! Ni balaa! Tulizika Muislamu na kwaya mbili?"

Pasta Ézéchias aliketi chini pale pale uani, na suti yake. Baadaye akasema, "Kesho tunaenda kutafuta mama yake. Mimi ndiye nilimuita jina yenye haikuwa yake."

Tulimkuta Mama Furaha pa parking, anakaanga. Mwenye lori alikuwa amemwambia kwamba Hassan alivukia Uganda. Nilipotaja bidon, na mvua, na sambusa niliyoahidiwa, aliepua karai motoni. Hakulia. Alifungasha sambusa zote zilizobaki akanipa.

"Deni yake," akasema. "Sasa munipeleke."

Waislamu wa Butembo walikuja na imamu wao. Kaburi hawakulifukua. Waling'oa msalaba, wakamswalia, wakamtaja: Hassan. Pasta alisimama nyuma, kofia mkononi.

Baada ya hapo Mama Furaha akaomba kuona kile chumba.

Katungu akamweleza yote, hadi nyayo kavu. Yule mama akainama, akapapasa sima kwa kiganja, taratibu, kama anapapasa mgongo wa mtoto.

"Haikuwa yeye alikuwa anamwanga," akasema. "Ile maji ni yangu."

Akakaa pale pale chini.

"Kila alasiri, kule Beni, nilijaza birika mbili. Moja yangu, moja ya Hassan. Yake nilimwanga mbele ya mulango, kidogo kidogo. Nikasema: mwanangu, kama uko muzima, nawa. Kama ulikufa, nawa. Sikujua inaangukia wapi."

Nimesoma, nimewaambia. Lakini hakuna mwalimu wa jioni aliyewahi kunifundisha maji ya Beni yanavyofika Butembo.

Tangu siku hiyo chumba kikakauka.

Ikabaki nyumba. Gérard akatangaza kwamba mimi ni mzima, namba nne ni yangu. Katungu akaweka mikono kiunoni.

"Na mimi? Munitupe barabarani? Hata mufu wenu sikumukimbia, nitakimbia muzima?"

"Sheria ni sheria, mama. Nyumba moja, familia moja."

Nikamtazama Katungu. Yeye akatazama mlango aliopaka bluu. Mimi ni mtu wa kuheshimu sheria.

Pasta aliyenizika ndiye aliyetufungisha ndoa. Alipofika kwenye jina langu, alilisoma mara mbili. Cherehani zikawa mbili kwenye salon, na kelele za kugombea dirisha hazijaisha hadi leo.

Miaka ikapita. Alasiri moja, jua linawaka kama siku ile, Katungu akasimamisha cherehani yake.

"Papa. Sikia."

Maji. Chumbani. Lakini safari hii yalimwagika mara mbili, moja kubwa, moja ndogo, kama watu wawili wanaopokezana birika.

Tuliingia tumeshikana mikono. Sima ilikuwa nyeusi. Nyayo kavu zilikuwa jozi mbili, zimesimama bega kwa bega.

Kabla ya jioni mtu alituletea habari kutoka Beni: Mama Furaha amefariki mchana huu.

Sakafu hatukuipangusa. Tuliiacha ikauke yenyewe.

Ndugu msomaji, ukimzika mtu, tafuta jina lake kwanza. Koti ni nguo tu, hata kama nimelishona mimi. Na wewe unayemsubiri mtu wako aliyepotelea vitani: endelea kumwaga. Kuna mahali yanaanguka.