Siku Niliyolitaja Jina la Mkwe Wangu Wodini

Nawasimulia kwa sharti moja, mnicheke hapa hapa, msiende kunichekea stendi, maana Nangurukuru nzima inanunua mihogo ya kukaanga kwangu na sina pa kuhamia. Niliaibika, na wodi nzima ya watoto ni shahidi.

Mwanangu alilazwa hospitali ya Masoko kwa homa na kifua. Jina lake ni la baba mkwe wangu, Mussa Mkwanda, na kwetu mke wa mtoto halitamki jina la mkwe hata kama jina hilo amepewa mwanawe wa kumzaa, kwa hiyo tangu azaliwe namwita Babu tu. Siku ya kulazwa mume wangu ndiye aliyeandikisha, akaeleza na habari ya aleji (kuna sindano iliwahi kumvimbisha mtoto uso mpaka macho yakafunga), kisha akarudi kazini akaniacha na mama yake.

Sasa sikilizeni ujinga wangu. Kitanda chetu kilikuwa dirishani, jua linampiga mtoto usoni, na jirani yangu alikuwa chini ya feni huku mwanawe anatetemeka kwa baridi. Tukatazamana, tukabadilishana vitanda, kila mtu akafurahi. Kumwambia nesi? Nesi wa nini, kwani tunahama nyumba?

Baadaye nesi akaja na trei ya dawa, akasimama kwetu chini ya feni.

"Mama, mtoto anaitwa nani?"

"Babu."

"Jina alilolazwa nalo."

Nikamtazama mama mkwe, mama mkwe akatazama kanga yake.

"Nesi, mtoto anaungua, jina limeandikwa kwenye faili, si usome?"

"Nikisoma mimi, wewe utaitikia tu. Mama aliyekesha huitikia jina lolote. Nataka ulitaje wewe."

Hapo nikawaka, na mimi nikiwaka sina breki. Nikamuuliza amekuja kutibu au kufanya usaili, nikamwambia kidato cha nne nimemaliza na sihitaji mwalimu, nikamgeuza Babu, nikamvua kaptula mwenyewe, nikamshika paja, nikasema, "Choma."

"Sichomi."

Nikamgeukia mama mkwe. "Mama, basi mtajie wewe."

"Mimi? Mume wangu? Umri wote huu sijamtaja, nianze leo hospitali?" Akaniinamia sikioni. "Litaje tu, mwanangu. Mwenyewe yuko kwenye mikorosho huko, hasikii."

Nikalinong'ona.

"Sisikii, mama," akasema nesi.

Basi kwa hasira nikapaza sauti kama napigia debe basi la Lindi, "Mussa Mkwanda!"

"Naam," akaitika mtu mlangoni.

Baba mkwe, na kofia yake, na chupa ya uji mkononi. Nilijikuta nimepiga magoti sijui niliangukaje, shikamoo ilitoka nusu, mtoto naye matako nje, wodi ikapasuka kwa kicheko, na mama mkwe kajifunika kanga mpaka kichwani, mabega yanatikisika.

Nesi peke yake hakucheka. Alikuwa anatazama bomba la sindano.

"Dawa hii ni ya mtoto wa kitanda hiki," akasema polepole, "na aliyeandikwa kitanda hiki siye Mussa."

Akafungua faili letu, akasoma, akairudisha sindano kwenye trei. Ilikuwa ile ile ya kumvimbisha mwanangu. Na aliyemshikilia paja ni mimi.

Nililia hovyo. Nikamwomba radhi nesi huku bado nina hasira naye, nadhani kwa sababu alikuwa sahihi mbele za watu. Akanipa kitambaa, akasema, "Kitanda usihame tena bila kunijulisha," kisha akaenda kuandaa dawa yetu upya.

Baba mkwe akaketi, akamimina uji, akaupuliza. Bila kunitazama akauliza, "Mkwe, nesi anarudi lini?"

"Magharibi, baba."

"Basi mimi sitoki. Akija, nitaje vizuri, usininong'one kama unaniiba."

Nilimtaja magharibi ile, na kila sindano mpaka tukaruhusiwa, naye anaitika naam kwa raha zake. Nyumbani heshima imerudi, simtaji ng'o. Ila wodini, wallahi, hata akilazwa yeye mwenyewe, nitalitamka jina lake lote kabla bomba halijamgusa, na atakayecheka acheke.