Sweta ya Kijani ya Mama

Sitaki kubishana na mtu. Nimechoka. Ukitaka kuamini, amini; usipotaka, shauri yako. Lakini mimi nilikuwepo, mchana kweupe, kwenye kituo chetu cha kuuzia majani chai huku Gesima.

Mama alipofariki, nguo zake ziligawiwa ndugu kama ilivyo desturi. Mimi niliomba sweta moja tu, ile ya kijani. Ilikuwa bado ina harufu ya moshi wa jiko lake, na ya yale mafuta ya kukamulia ng'ombe aliyopenda kujipaka mikononi. Nilikuwa nimemuuguza muda mrefu, na usingizi ulikuwa umenihama kabisa. Lakini nikiweka pua kwenye ile sweta, moyo unatulia, nalala. Ndiyo iliyokuwa dawa yangu, na sikuifua.

Siku hiyo mvua ya mawe ilitukuta tukisubiri lori, tukajibana bandani. Unajua watu walionyeshewa wanavyonuka: jasho, moshi, magunia. Kando yangu akaketi mama wa makamo nisiyemjua, maji yakimchuruzika. Huyo hakunuka wala hakunukia. Hata leso yake iliyolowa haikuwa na harufu. Umewahi kukaa karibu na mtu wa namna hiyo? Nilihisi kama niko kando ya kiti kitupu.

"Moiseke one," akaniita, yaani binti yangu, "nisaidie na hiyo sweta kidogo. Baridi imeniingia kwa mifupa."

Ningemnyima vipi, naye anatetemeka? Nikaivua, nikampa. Hakuivaa. Alijifunika nayo uso, akavuta pumzi ndefu, ndefu mno, mpaka mabega yakamshuka kama mtu aliyefika kwao. Kisha akanirudishia.

"Asante. Nilikuwa nimechoka."

Mvua ikakatika, akainuka. Alipopita mbele yangu, haki ya Mungu, ilipita harufu ya mama yangu. Nikainusa sweta haraka. Hakuna kitu! Nikamkimbilia barabarani, lakini barabara ilikuwa tupu mpaka kwenye kona ya mikaratusi. Wenzangu wote walikuwa wamemwona, ila kila mmoja alidhani ni mgeni wa mwenzake.

Usingizi haujarudi tangu hapo. Sweta niliifua; ningeiwekea nini tena? Ila siku za soko kule Keroka, katikati ya vitunguu na mitumba, ile harufu hunipitia. Moyo hutulia kabla sijakumbuka kukasirika. Naifuata mpaka inanipotea. Mchungaji ameniombea, lakini sijamwambia kwamba siku ya soko naingoja kwa hamu.

Basi wewe uliyeweka nguo ya marehemu wako kabatini, nisikilize. Akija mtu aliyelowa asiye na harufu, mpe chai, mpe blanketi, mpe kitu kingine chochote. Mimi nilitoa kwa huruma, na sasa mama yangu anatembea mwilini mwa mgeni, nami kila siku ya soko naenda kumtafuta.