Vimraba vya Rehema na majibu ya Mama

Samahanini kwa kimya changu cha wiki mbili, mtoto anaota meno.

Leo nimeionea wivu kompyuta.

Mdogo wangu Rehema kaja kwangu hapa Laurel, Marekani. Kazi yake ni kutafuta kwa kompyuta makundi ya jeni yanayoonyesha saratani ipi inaweza kurudi. Akampigia Mama simu ya video, akamwonyesha vimraba vyekundu na vya bluu, kila kimoja jeni yake.

Mama vigelegele! “Huyu ndiye mtoto niliyemzaa!”

“Na mimi uliniokota?” Nina uji wa mtoto begani.

Rehema akamwomba Mama majibu ya vipimo vya uvimbe wake wa titi, amuulizie daktari wa kazini kwao.

Mama akakataa katakata. “Wewe utanigeuza vimraba. Nitampa dada yako, ndiye aliyenisafisha kidonda alipokuja huku.”

Rehema akainama, machozi yanamlenga. Nami nilifurahi, Mungu anisamehe. Nyie mngejizuia?

Kaka Juma, wewe uko na Mama Morogoro, usinijibu kwa dole gumba. Nahitaji picha za majibu ya kile kipande cha nyama walichomkata titini, kurasa zote. Majina ya dawa anazomeza. Tarehe ya kliniki.

Nitumie mimi. Rehema nitampa mwenyewe, leo hii.